Mchuma uyoga aliyemrudishia bintiye neno "mande"

Ndani ya nyumba ya uyoga hakuna asubuhi wala mchana. Kuna giza, kuna unyevu, na kuna harufu ya samadi na majani makavu ambayo haitoki kwenye nywele hata ukioga mara mbili. Vitanda vya uyoga vimepangwa kimoja juu ya kingine mpaka darini, na kwenye kitanda cha nne, kifua kikiwa kimeegemea ubao wa pembeni, Don Cuco anachuma.

Mkono wa kushoto unausokota uyoga mmoja taratibu, wa kulia unakata mguu wake kwa kisu kifupi. Uyoga unaingia kwenye boksi bila kudondoshwa. Taa iliyofungwa kwenye kofia yake inamulika pale anapotazama tu, kwa hiyo ukitaka kujua Don Cuco anawaza nini, unafuata mwanga.

"Refugio!" anaita msimamizi kutoka mlangoni.

"Mande?" anaitika Don Cuco, na mikono haijasimama.

Kutoka gizani vijana wanacheka. "Don Cuco, hapa si nyumbani kwa bibi yako," anasema mmoja wao, Chuy, ambaye hana hata mwaka kazini. "Sema 'nini', kama watu wa siku hizi."

"Chuy, hata mbuzi akiitwa hujibu 'mee'," anasema Don Cuco. "Wewe hata hilo hukufundishwa, na wala sikulaumu. Nawalaumu waliokufuga."

Msimamizi anasema jambo kuhusu kitanda cha tano. Mashine ya hewa inaunguruma. "Mande?" anauliza tena Don Cuco, na msimamizi anarudia kwa sauti: kitanda cha tano kisiguswe mpaka kesho, uyoga wake bado mdogo. Don Cuco anashukuru. Baada ya muda Chuy anamsogelea, sauti ameishusha, akitaka kujua kulikuwa kumesemwa nini juu ya kitanda cha tano.

Mande ndiyo "abee" na "naam" ya Wameksiko. Mtoto aliyelelewa akiitwa na mkubwa hajibu "nini", anajibu "mande". Lakini neno hilo lina kazi ya pili. Mtu akikwambia jambo usilisikie, au ukalisikia lisikuingie, unasema "mande?" na yeye analirudia bila kinyongo. Kazi hii ya pili ndiyo iliyomfanya Don Cuco akubali kuzungumza nami, na haikuwa rahisi kukubali, kwa sababu ndani yake yumo marehemu mke wake.

Jina lake kamili ni Refugio Zavala Ledesma, na kwa watu wa kwao kila Refugio ni Cuco, apende asipende, na "Don" ni heshima ya mtu mzima. Ametoka Yuriria, jimbo la Guanajuato, na amechuma uyoga hapa Avondale, Pennsylvania, zaidi ya nusu ya maisha yake. Baba yake naye alichuma katika nyumba hizi hizi, akarudi kwao kufa. Wachumaji wanalipwa kwa boksi, kwa hiyo mgongo ukiuma na mfuko unauma.

Ana mtoto mmoja, Yaretzi, mwenye umri wa miaka kumi na sita. Wanakaa wawili kwenye nyumba ya mbao nyuma ya karakana ya matairi, pamoja na kasuku wa jirani ambaye anashinda kwao kuliko kwa mwenyewe.

Yaretzi anataka kuwa muuguzi. Hajawahi kutaka kitu kingine tangu mama yake afariki miaka minne iliyopita. Shule yake ina darasa la wanaojiandaa kwa uuguzi, nafasi zake ni chache, na anayeingia hubaki kwa sharti moja: afaulu kemia kabla ya likizo ya Krismasi. Asipofaulu, nafasi inakwenda kwa mwingine. Vuli iliyopita, nafasi ya Yaretzi ilikuwa inaponyoka, na baba yake hakuwa na habari.

"Mimi shule niliishia darasa la tano," anasema Don Cuco. Tumekaa jikoni kwake, anapasha tortila, vile vichapati vya mahindi, juu ya bati na kuzigeuza kwa vidole vitupu. "Mambo yake ya kemia siyawezi. Nikimwambia nimsaidie nitamharibia. Ninachoweza kumpa ni namna ya kukaa na watu."

Hilo amempa bila ubahili. Ukiingia kwa Don Cuco, binti anainuka, anakupa mkono, anakusalimu kwa jina. Hakai mpaka mkubwa awe amekaa. Akipita katikati ya watu wanaozungumza anaomba radhi. Jumapili anawapigia simu shangazi zake wote wa Yuriria, na kila mmoja lazima aulizwe habari ya goti lake.

Na kuna mashauri. Wazazi wa Kimeksiko hawatoi mashauri kwa kumkalisha mtoto kitini. Wanayatoa wakiwa wanafanya jambo jingine, wakimenya viazi au wakitafuta funguo za gari. Don Cuco huyatoa akigeuza tortila. Yaretzi anasema anaweza kujua urefu wa shauri kwa kutazama tortila zilizobaki.

Katika Kihispania chao mtu aliyeelimika si lazima awe amesoma. Ni mtu aliyelelewa akaleleka. Mwenye shahada asiyejua kusalimu wanasema hana elimu, na wanasema hivyo kwa huruma kabisa, kama wanavyomzungumzia mgonjwa.

Shauri alilolipenda kuliko yote Don Cuco lilikuwa hili: mwalimu asisumbuliwe. Mwalimu ana watoto wengi. Mwalimu amechoka. Kaa, tulia, sikiliza, usiwe mzigo kwa mtu. Alifundishwa hivyo na mama yake, naye akamfundisha Yaretzi tangu akiwa na mkoba unaomzidi mgongo.

Yaretzi akalishika. Ila alipofika darasa la nane akaacha jingine. Msichana mmoja wa darasani, Mmeksiko mwenzake, alimsikia akisema "mande" kwenye simu, akamcheka mbele ya wenzake. Akamwambia neno hilo maana yake ni "niamuru", kwamba lilikuwa la watumwa na vijakazi, kwamba wao wamezaliwa huku na hawaamuriwi na mtu.

"Nilirudi nyumbani, baba akaniita, nikajibu 'nini'," anakumbuka Yaretzi. "Akageukia tortila zake. Nikajua nimemuumiza. Lakini nilikuwa nimeshasema, na nilikuwa na miaka kumi na tatu. Ukiwa na miaka kumi na tatu hurudi nyuma."

Don Cuco hakumgombeza. Mkewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba hata hilo "nini" lilikuwa afadhali. "Nilisema moyoni, acha, atakua. Lakini liliniuma. Kila aliponijibu hivyo, liliniuma upya."

Jioni ya wazazi shuleni iliangukia mwezi wa kumi. Don Cuco alivaa shati jeupe na kofia yake nzuri, ambayo aliivua tangu kwenye geti. Shule siku hiyo ilikuwa na mkalimani mmoja, naye alikuwa amezungukwa na akina mama tele. Yaretzi akasema hakuna shida, atatafsiri yeye.

Mwalimu wa kemia anaitwa Bi Hostetter, mwanamke mrefu mwenye mvi, aliyezaliwa mashamba ya jirani. Alimkaribisha Don Cuco, akaanza kuongea. Aliongea kwa muda, uso wake hauna furaha. Alipomaliza, Don Cuco akamgeukia binti yake.

"Anasema mimi ni mtulivu," alitafsiri Yaretzi.

"Maneno yote yale?"

"Mtulivu sana."

Don Cuco akamtazama mwalimu, akaona hana uso wa mtu anayesifu. Akavuta kiti mbele kidogo. "Mande, maestra?" alisema, akimwita mwalimu kwa heshima yao.

Bi Hostetter amefundisha watoto wa wachuma uyoga miaka mingi na neno hilo analijua. Akarudia, polepole. Yaretzi, jasho linamtoka, akatafsiri kwamba mwalimu anamtaka aongeze bidii kidogo.

"Mande?" alisema Don Cuco.

"Baba, basi. Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Nilikuja kusikia." Kisha tena, kwa upole ule ule, kwa mwalimu: "Mande?"

Nyuma yao foleni ilikuwa imekua. Yaretzi anasema alitamani ardhi immeze. Mara ya nne mwalimu aliacha maneno. Aliuweka mkono wake sawa na bega, akasema "Septemba". Akaushusha mpaka kifuani. Akaushusha mpaka mezani, akasema "Oktoba", halafu akamwonyesha Yaretzi kwa macho.

Don Cuco akaelewa: alama za binti yake zilikuwa zinashuka. Akasimama, akampa mwalimu mkono, akamshukuru, akaivaa kofia yake. Njiani redio ya gari, ambayo huwa haizimwi, ilizimwa.

Walipofika jikoni aliuliza jambo moja. "Mwalimu anasema jambo usilolielewa. Wewe unafanya nini?"

"Natikisa kichwa."

"Unatikisa kichwa."

"Si wewe uliniambia nisimsumbue?" Yaretzi alikuwa analia sasa, na hasira imo ndani ya kilio. "Kaa, tulia, usiwe mzigo. Nimekaa. Nimetulia. Akiuliza kama tumeelewa natikisa kichwa, anafurahi, anaendelea. Mpaka leo sijui moli ni nini, baba. Wiki sita. Kila kitu kimejengwa juu ya moli na mimi sijui moli ni nini."

Hapo pana kichekesho ambacho ni watu hawa tu wangeweza kukipata. Moli, kile kipimo cha kemia, kwa Kiingereza wanakiandika sawasawa na mole, mchuzi mzito wa pilipili na kakao ambao Wameksiko wanaupika kwenye harusi na misiba. Siku Bi Hostetter alipoliandika ubaoni, nusu ya darasa walicheka na kuulizana ni ya kuku au ya bata mzinga. Katika kicheko hicho maelezo yakapita. Kilipoisha, kila mmoja alidhani wenzake wameelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza juu ya neno ambalo bibi yake analipika.

"Na 'mande' ulilitupa wapi?" aliuliza Don Cuco.

"Lile ni neno la watumwa."

Don Cuco alikuwa ameshaweka tortila juu ya bati. Tortila ilikuwa inaungua na akaiacha iungue. Halafu akakaa, akamwambia binti yake jambo alilokuwa amelificha kwa miaka mitatu.

Ofelia, mke wake, alikuwa mpakiaji wa uyoga, mwanamke wa maneno machache, mwenye aibu mbele ya watu wenye makoti meupe. Ijumaa moja tumbo lilimkamata akiwa kazini. Don Cuco akampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu, hakuwaharakisha. Alimpima, akampa dawa, akaeleza mambo kwa Kiingereza na Kihispania kidogo cha kuokoteza. Mwisho akauliza kama wameelewa.

"Tulitikisa vichwa," anasema Don Cuco. "Wote wawili. Yeye aliona aibu kumwambia arudie. Mimi nilimwona yeye ametikisa, nikafikiri ameelewa, nami nikatikisa. Yule daktari hakutukosea. Alituuliza."

Daktari alikuwa amewaambia kwamba homa ikija, warudi papo hapo, usiku au mchana, wasisubiri. Homa ilikuja Jumamosi. Ofelia akanywa chai ya maua, akajifunika, akasema Jumatatu wataona, wikiendi watu wamepumzika, si vizuri kuwasumbua. Utumbo ulikuwa umeshatoboka. Jumatatu walifika kumeshachelewa, na mkalimani, mama wa Kisalvador, akamuuliza Don Cuco kwa nini hawakurudi kama walivyoambiwa.

"Kama mlivyoambiwa," anasema, na anainamisha kichwa. "Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba tuliambiwa."

Yaretzi alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliambiwa mama ameugua, Mungu amemchukua. Hakujua habari ya vichwa vilivyotikiswa mpaka jioni ile jikoni.

"Nilimwambia, mwanangu, mama yako alikuwa na neno hilo mdomoni. Alilisema tangu mtoto. Alinijibu mimi 'mande', alimjibu mama yangu 'mande'. Siku alipolihitaji kuliko siku zote hakulitoa, kwa sababu tulifundishwa kwamba kuuliza ni kusumbua. Hilo la kusumbua ndilo la kitumwa. Hilo ndilo nililopaswa kukukataza. Mtumwa haulizi mara ya pili."

Anasema alilia mbele ya binti yake, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini. Yaretzi akainuka akazima jiko. Hawakula.

Kesho yake, kipindi cha kemia, Yaretzi aliinua mkono. Alikuwa ameshapanga sentensi yake ya Kiingereza tangu nyumbani, yenye adabu na samahani zake zote. Mwalimu alipomtaja jina, sentensi ikapotea. Kilichotoka ni "Mande?"

Darasa lilicheka. Msichana aliyemcheka zamani alicheka zaidi. Yaretzi akabaki amesimama, masikio yanamwaka, akasema kwa Kiingereza kwamba hajui moli ni nini na anaomba lielezwe tangu mwanzo.

"Hata mimi sijui," alisema kijana mmoja kutoka nyuma.

Kisha mwingine. Kisha mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, na Bi Hostetter akaacha alichokuwa anakiandika. Alifuta ubao. Akaanza na mayai: dazeni ni jina la mayai kumi na mawili, moli nayo ni jina la idadi, ila idadi kubwa mno, kwa sababu inahesabu vitu vidogo mno. Kipindi chote kikaishia hapo.

"Kwa miaka mingi nilikuwa nawaambia wazazi wa watoto hawa kwamba mtoto wao ni mtulivu na ana heshima, nikidhani nawapa habari njema, nao wakidhani wanapewa habari njema," anasema Bi Hostetter. "Heshima ilikuwa ya kweli. Mimi ndiye niliyekuwa siisomi sawasawa."

Mwalimu huyo anasema hakubaliani na wale wanaodhani mtoto wa kigeni atafaulu akiacha ya kwao mlangoni. Wanafunzi wake wanaofanya vizuri, anasema, mara nyingi ni wale ambao nyumbani kuna mtu anayewaita mezani na kuwaambia wao ni nani na wanatoka kwa nani. Mtoto huyo akianguka ana pa kushika. Sasa darasani kwake, asiyeelewa anasema "mande", na watoto wa Kizungu wameshaliokota. Anakiri kwamba wanalitamka vibaya.

Yaretzi hakugeuka kuwa hodari kwa siku moja. Alibaki shuleni baada ya masomo, akauliza, akakosea, akauliza tena. Nyumbani baba yake alikaa naye mezani ingawa hakuwa na la kuchangia, akimenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji. Yaretzi akichoka na kusema basi, mimi nitakwenda nyumba za uyoga kama wewe, Don Cuco alimjibu kwamba nyumba za uyoga hazimtaki, ana kucha ndefu.

Matokeo yalitoka siku chache kabla ya likizo. Alifaulu. Hazikuwa alama za kutangazia mtaa, lakini zilivuka mstari, na nafasi yake katika darasa la uuguzi ikabaki yake. Jumapili hiyo Don Cuco alijaribu kupika mole ya marehemu mkewe. Kakao iliungua, jikoni kukajaa moshi, kasuku akakimbilia kwa jirani, nao wakala hivyo hivyo kwa sababu kuku alikuwa ameshatiwa.

"Ilikuwa mbaya," anasema Yaretzi. "Mbaya sana. Nilikula mara mbili."

Mwezi wa pili, darasa lake lilianza kwenda kliniki moja ya hapa mjini, kutazama kazi. Wanafunzi wanasimama ukutani, wamevaa mashati ya buluu, hawaruhusiwi kugusa kitu wala kuongea na mgonjwa. Kazi yao ni kuangalia.

Siku ya tatu aliingia mama mmoja wa makamo, mikono imepauka kwa maji na kisu kama mikono ya wachumaji wote. Alikuwa na sukari. Muuguzi akamweleza habari ya sindano: lini achome, lini asichome, asichome kama hatakula mara moja. Mama akatikisa kichwa. Muuguzi akauliza kama ameelewa. Akatikisa tena, na akatabasamu kidogo, kwa heshima.

Yaretzi anasema aliacha kumtazama muuguzi, akamtazama mgonjwa. Alimjua mama yule ingawa hakuwahi kumwona. Aliijua ile tabasamu.

Hakumwambia muuguzi kwamba mgonjwa hajaelewa. Hilo lingemwaibisha mama wa watu mbele ya vijana. Alitoka ukutani hatua moja, akainua mkono kama yuko darasani, akasema kwa Kihispania na kwa Kiingereza kwamba anaomba radhi, yeye mwenyewe hajaelewa habari ya sindano. Mande? Je, inaweza kuelezwa tena, polepole, kwa lugha zote mbili?

Muuguzi alimkazia macho. Kisha akamtazama mgonjwa, akavuta kiti, akakaa, akaanza upya. Safari hii, habari ilipofika kwenye chakula, yule mama alimkatiza. Alisema yeye huingia kazini kabla ya kula chochote na alikuwa amepanga kuchoma sindano akitoka nyumbani.

Don Cuco aliisikia habari hiyo jikoni, jioni, Yaretzi akiisimulia huku anavua viatu kana kwamba ni jambo dogo. Aliuliza jina la yule mama, Yaretzi akasema hilo hasemi, amekatazwa. Don Cuco akaiheshimu kauli hiyo. Alitoka nje, akakaa kwenye gari lake bila kuliwasha, mpaka binti yake akamfuata kumwambia chakula kinapoa.

"Nilimwaza Ofelia," anasema. "Niliwaza, angekuwepo mtoto mmoja tu amesimama ukutani siku ile. Mmoja tu."

Sasa ana mipango. Anataka kuendelea na uyoga mpaka Yaretzi amalize chuo, halafu arudi Yuriria kuziona zile sura anazozijua kwa simu tu. Ameanza masomo ya Kiingereza Jumanne jioni kanisani, ambako mwalimu, anasema, tayari amemchoka kwa maswali. Yaretzi bado ana miaka mingi ya kusoma mbele yake na hakuna anayejua fedha zitatoka wapi. Wakilizungumza hilo wote wawili wanaongea taratibu.

Lakini kuna tumaini jingine, na hilo Don Cuco analisema akiwa ameshasimama kunisindikiza, kofia mkononi, sauti chini ili binti aliye chumba cha pili asisikie.

"Namwomba Mungu niugue kidogo tu, yeye akishakuwa muuguzi. Kitu cha kawaida, kisiniue. Nipelekwe pale, aje yeye na koti lake anieleze dawa. Nami nitatikisa kichwa tu, makusudi, nimwone atakavyovuta kiti."